Habari za Fundi Pindo na Kupandishwa kwa Kitambaa cha Ngazi

Jongeeni, enyi mliokaa na mliosimama, mwenye sikio atege na mwenye mtoto ampe ziwa anyamaze, maana habari inayokuja si ya kusikilizwa huku unakuna ukoko wa sufuria. Mmekwisha kusikia ya wafalme waliovuka mito na majeshi yao, na ya mashujaa waliong'oa milango ya ngome kwa mabega. Lakini hao wote walikuwa na vifaa vya kazi. Hii ni habari ya mtu ambaye hakuwa na kifaa, naye akapanda.

Alikuwapo, katika mtaa wenye mashimo mengi kuliko taa, fundi cherehani mmoja aitwaye Pindo: Pindo mwenye futi ya kamba shingoni mithili ya nishani, bwana wa sindano, mlinzi wa vifungo, mjuzi wa siri za viuno vya watu, ambaye wanawake wazima walimwendea kwa sauti ya chini wakisema, fundi, ongeza kidogo hapa ubavuni na usiulize. Tena juu ya ufundi wake alikuwa mwenyekiti wa tawi la Chama cha Ngazi. Na hapo ndipo mtu mwenye huruma hutikisa kichwa.

Kwani katika siku zile za mwisho za kampeni, Chama cha Ngazi kilikuwa taabani. Kilianza na gari, gari likafa giaboksi. Kilikuwa na vijana wa hamasa, vijana wakahamasika kwingine. Ofisi ya tawi ilikuwa nusu ya chumba cha kushonea cha Pindo, ikitengwa na pazia. Na wateja walipozidi, pazia lile lilisogezwa upande wa chama, hata ikawa siku moja ofisi yote ilibaki na upana wa mtu mwembamba aliyesimama wima. Wajuzi wa siasa, waliokuwa na makao yao ya kudumu kwenye benchi la kinyozi ng'ambo ya barabara, walikuwa wamekwisha kukipangia Ngazi nafasi ya mwisho kati ya vyama vyote, wakabaki kubishana neno moja tu: kama kitashindwa kwa aibu au kwa aibu kubwa.

Na upande wa pili alisimama adui, Chama cha Kengele, chenye magari na vipaza sauti na fulana za rangi ya waridi zisizo na idadi, kilichopita mitaani kikilia ngenge-ngenge asubuhi na jioni mpaka mbwa wakaacha kubweka, wakaona wamepata wenzao.

Basi mgombea udiwani wa Chama cha Ngazi alikuwa dada yake Pindo mwenyewe, kitinda mimba wa kwao, muuza mkaa, mwanamke wa mizani iliyonyooka na ulimi ulionyooka zaidi. Hakuutaka udiwani. Kaka yake ndiye aliyemfuata, akamsihi, akamshonea na gauni la kuombea kura. Asubuhi ya siku ya mwisho ya kampeni aliingia chumbani kwa fundi, hakukaa, akasimama penye kizingiti.

"Kaka, mimi nimechoka."

"Kaa kwanza unywe maji."

"Maji nimekunywa kwangu. Jana kaja Misumari. Kengele wanataka nijitoe. Nikijitoa, soko jipya likifunguliwa, msimamizi ni mimi."

Pindo akauinua mguu wake kutoka kwenye kanyagio la cherehani, na sindano ikasimama katikati ya kola ya mtu.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia anipe mpaka leo nifikiri. Nimefikiri, kaka, na usingizi nimeupata."

"Na mimi niliyekusimamisha?"

"Wewe ulinisimamisha, kisha ukaketi. Ulisema kitambaa cha chama kitakuwa juu mlangoni kwako kabla kampeni hazijapamba moto. Sasa moto unazimika. Napita kwa watu naomba kura, wananiuliza, mama wee, mbona hata kwa ndugu yako hakuna kitu? Nijibu nini? Nisikilize. Alasiri hii napita hapa na mkokoteni kwa mara ya mwisho. Nikikuta kitambaa kiko juu, naendelea mpaka kura zihesabiwe, hata nikipata yangu peke yangu. Nikikuta ukuta mtupu, nanyoosha kwa Misumari nikampe jibu lake."

Akaenda zake, na harufu ya mkaa ikabaki ikimtazama fundi usoni.

Hapa jueni jambo moja. Kitambaa kilikuwapo. Pindo alikuwa amekishona kwa mashuka mawili meupe, na juu yake akapachika ngazi ya kitambaa cha kahawia, yenye vipandio vilivyolingana kama meno ya malkia, na jina la dada yake kwa herufi ambazo hata mwenye mtoto wa jicho angezisoma. Tabu ilikuwa kukipandisha. Cha kwanza kilitundikwa chini, mkono wa mtu ukifika, na hakikumaliza wiki. Leo hii ni pazia la bafu katika ua wa nne kutoka pale, na watu huoga nyuma ya sera za chama. Cha pili hiki kilipaswa kukaa juu kabisa, chini ya ukingo wa bati, mahali pasipofikiwa na mwizi wala mbuzi.

Ndipo shujaa alipofunga kibwebwe. Akaitoa nje meza ya kukatia nguo, ile meza kongwe yenye makovu ya mikasi. Juu ya meza akaweka kiti, na juu ya kiti kigoda cha mkewe. Akakwea meza, na meza ikamvumilia. Akakwea kiti, nacho kikaguna. Akaweka mguu kwenye kigoda, na kigoda, ambacho maisha yake yote kilijua uzito wa mtu mmoja tu na kilimpenda, kikamkataa. Yaliyofuata hayakuwa ya kupendeza. Jemadari alianguka juu ya furushi la suruali za watu, na Mungu amjalie kila lenye kheri yule aliyepeleka suruali nyingi kupunguzwa siku ile.

Baraza la vita likaketi. Baraza hilo lilikuwa mkewe.

"Baba nanihii," akanena mwanamke yule, akikiokota kigoda chake na kukipangusa kama mtoto, "nikuulize. Chama chenu kinaitwaje?"

"Si unakijua."

"Kitaje."

"Ngazi."

"Na ngazi iko wapi?"

Pindo akaanza kuokota suruali.

"Kofia mlinunua," akaendelea. "Fulana mlinunua. Tarumbeta mlikodi likapasuka. Watu wazima mmekaa vikao tangu mwaka juzi, mnakunywa chai yangu, na hapakuwa na hata mmoja wa kuinua mkono akasema, jamani, tununue ngazi."

"Ngazi ni ishara, mke wangu. Ni ishara ya maendeleo."

"Basi panda ishara."

Naye mke, aliyekuwa mkali lakini si katili, akashusha sauti. "Ngazi ndefu mtaani hapa ni moja. Na unajua iko kwa nani."

Alijua. Ilikuwa kwa Misumari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa tawi la Kengele.

"Nikamwombe yule?" akasema Pindo. "Anayemchukua dada yangu mchana kweupe? Mimi?"

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Wewe unataka cha darini, na bado utainama. Kavae koti."

Akavaa koti. Akavuka barabara akikwepa mashimo, midomo ikimchezacheza kwa hotuba aliyokuwa akiitunga, akapita mbele ya benchi la kinyozi bila kusalimia, jambo ambalo lilijadiliwa pale kwa kirefu. Dukani alimkuta Misumari, mtu mnene, mtulivu, mwenye sauti kama mlango usiotiwa mafuta, amevaa fulana ya waridi yenye kengele kubwa kifuani, anapima misumari kwenye mizani.

Pindo akasimama baina ya mifuko ya saruji na mapipa ya rangi, akapanua kifua, akanena:

"Ewe jirani, mwenye mabati na saruji, uliyekaa katika mtaa huu tangu barabara ikiwa na lami! Mimi sikuja kwako kwa unyonge, wala sikusukumwa na upepo. Nimekuja kama mtu amwendeavyo mtu, maana milima haikutani, lakini..."

"Pindo," akasema Misumari, "unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa sema unachotaka, mwenzio napima."

"Nataka ngazi."

"Ya nini?"

Na hapo lilikuwapo tundu la kutorokea. Angeweza kusema bati linavuja. Angeweza kusema paka amekwama. Lakini ulimi wake, uliozoea kuwaambia watu wazima kweli ya viuno vyao, ukakataa kupinda. Akaeleza yote, kitambaa na dada na mkokoteni na sharti lake, mpaka mwisho. Misumari akaendelea kudondosha misumari mizanini, mmoja mmoja, mpaka mshale ukatulia.

"Kwa hiyo nikikupa ngazi, dada yako anabaki. Na mimi niliyetumwa nimtoe, naonekana bure."

"Ndiyo."

"Nikikunyima, anaondoka."

"Ndiyo."

"Na umevaa koti kabisa kuja kuniambia hayo."

"Nimevaa."

Misumari akaifunga misumari katika gazeti, akaisukuma pembeni. "Mke wangu alipolazwa, wanangu walikuwa wanakula kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi. Jana chama kilinituma, nikaenda, nikasema niliyotumwa. Kazi ile nimemaliza. Leo kaja jirani. Tena nikuambie kweli, bwana, kuvutana kamba na ukuta hakuna raha. Dada yako akitoka, mimi nitashindana na nani, na kinyozi?" Akainuka. "Ila ngazi yangu haitembei peke yake. Mara ya mwisho niliiazimisha kwa watu, ikarudi kibogoyo. Nitakuja kuishika kwa mikono yangu."

Ndivyo walivyotoka, Misumari mbele na Pindo nyuma, ngazi mabegani mwao. Na ndivyo wazee wawili wa siasa, waliowahi kuhutubia maelfu, au tuseme mamia, au tuseme waliopatikana, walivyotenda kosa ambalo mtoto wa chekechea asingelitenda. Hakuna aliyeikumbuka ile fulana.

Ngazi ikasimamishwa ukutani. Misumari akaishika kwa mikono miwili, akapanua miguu, akawa nanga. Na Pindo, ambaye mchana wote wa maisha yake ulipita akiwa ameketi, ambaye akisimama juu ya kitanda kufukuza mende huona kizunguzungu, akavua koti, akakiweka kitambaa begani, akaanza safari. Kipandio cha kwanza akakishinda kwa bismillahi. Cha pili akakishinda kwa jina la mama yake. Alipofika katikati akatazama chini, kosa la mashujaa wote, akauona upara wa Misumari uking'aa mbali kama sarafu kisimani, akakikumbatia kipandio.

"Usitazame chini," akasema Misumari.

"Sitazami."

"Unanitazama mimi."

Akafika. Pembe ya kushoto akaifunga kwenye kulabu kongwe kwa fundo la mshonaji, ambalo likikaza huachana na kamba kwa mkasi tu. Wakaihamisha ngazi upande wa kulia, akapanda tena, na huko akakuta hakuna kulabu, hakuna msumari, hakuna kitu, ukuta umenyamaza. Misumari akatia mkono mfukoni, akatoa msumari mrefu, akachomoa na nyundo kiunoni, akavipitisha juu. Hivyo ngazi ilikuwa ya Kengele, na msumari wa Kengele, na nyundo ya Kengele. Cha Chama cha Ngazi pale kilikuwa kitambaa tu, na woga.

Wakati huo benchi la kinyozi lilikuwa limeona.

"Jamani," akasema mmoja, "ile si fulana ya waridi?"

"Ni Misumari yule."

"Misumari anawapandishia Ngazi?"

"Kahama! Misumari kahama chama!"

Neno lile likatimua mbio mtaani kama kuku aliyekatiwa kamba. Kinyozi akaja na mashine mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja. Wakaja wauza duka, wakaja wapita njia, wakaja waliokuwa wakienda kuchota maji na ndoo zao tupu. Simu zikainuliwa, picha zikapigwa: juu mwenyekiti wa Ngazi, chini mwenyekiti wa Kengele amemshikilia, kifuani kengele inaonekana vizuri kabisa. Haukupita muda, simu ikalia mfukoni mwa Misumari.

"Kinyozi, nitolee hiyo, niwekee sikioni. Mimi mikono imefungwa."

Kinyozi akaitoa, akabonyeza alipobonyeza, na sauti ikatoka kwa nguvu, mtaa mzima ukasikia. Alikuwa mkubwa wa Kengele mwenyewe.

"Misumari, nasikia umehama."

"Sijahama, mkubwa."

"Na hii picha ninayoletewa? Umeshikilia nini?"

"Nimeshikilia mtu. Nikiachia ataanguka."

"Ni mtu wetu?"

"Si mtu wetu."

Simu ikakohoa.

"Basi achia."

Hapo hata wenye ndoo waliziweka chini. Kule juu Pindo alikuwa na msumari katikati ya midomo, hawezi kusema neno, hajathubutu kuachia ngazi agonge, nayo inapiga ukuta kogo-kogo-kogo. Akageuza jicho moja. Misumari akamtazama kwa kitambo. Miaka mingi alikuwa ameitumikia Kengele, akitumaini siku moja kuitwa meza ya mbele; na kila mtu pale alijua kwamba baada ya uchaguzi alikuwa akingojea kiti katika kamati kubwa, kiti ambacho mkewe alikuwa amekwisha kukinunulia mto wa kukalia.

"Haloo," akasema Misumari. "Haloo, mkubwa? Hapa mtandao unasumbua."

"Nakusikia vizuri sana!" ikasema simu.

"Haloo," akasema tena Misumari kwa huzuni. Kisha, "Kinyozi, kata."

Kinyozi akakata.

"Gonga huo msumari, bwana," akasema Misumari akitazama juu. "Mikono inaniuma."

Pindo akagonga. Pigo la kwanza likampata kidole, la pili likapata ukuta, la tatu likapata msumari. Nao ukazama, kamba ikapita, fundo likakaza, na kitambaa kikajikunjua mbele ya umati kwa kishindo cha mashuka mawili, ngazi ya kahawia ikang'aa juani. Kilikuwa kimeinama upande wa kulia kama mtu anayesikiliza umbea.

Na kutoka kwenye kona, ukisukumwa huku magurudumu yakilalama, ukaja mkokoteni wenye kipaza sauti na betri ya gari, na mbele yake muuza mkaa katika gauni la kuombea kura. Umati ukampisha. Akasimama. Akatazama kitambaa, akamtazama kaka yake angani, akamtazama Misumari katika waridi yake, akarudi tena kwenye kitambaa.

"Kaka."

"Naam."

"Kimepinda."

"Nakiona."

"Hukuweza kukinyoosha?"

"Ukitaka kinyooke, panda wewe."

Watu wakacheka, naye akajikaza asicheke, akashindwa, akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Kisha akamgeukia Misumari. "Na wewe, mzee wangu? Mimi nilikuwa nakuja dukani kwako na jibu."

"Duka nimefunga," akasema Misumari. "Ongea na watu, binti yangu, kabla kaka yako hajaniangukia."

Akachukua kipaza sauti, kikakoroma, akakipiga kibao kikanyamaza.

"Najua hamkuja kwa ajili yangu," akasema. "Mmekuja kumwangalia Misumari. Haidhuru, tangu kampeni zianze sijaona watu wengi hivi, acheni niwafaidi. Mimi ni yule yule muuza mkaa. Gunia langu halina mawe chini, mnalijua. Sitawaahidi barabara ya kwenda mbinguni. Shimo lile pale, alilotumbukia bibi mmoja na kapu lake, nitalifukia, na nisipolifukia njooni kwangu mnivue kilemba. Jana nilitaka kuondoka. Leo siondoki. Nabaki, hata nikipata kura yangu peke yangu."

"Na yangu," akasema mteja aliyenyolewa nusu.

"Na ya huyu, akimaliza kunyolewa."

Akasema hivyo na mengine mengi, maana dada wa Pindo akipewa nafasi hujua kuitumia. Na wasikilizaji wake wawili hawakuwa na pa kwenda, mmoja kwa kuwa magoti yake yalikuwa yamegoma kushuka, na mwenziwe kwa kuwa alimshikilia huyo. Wakasikiliza hotuba yote, tangu mkaa mpaka maji safi, na Misumari alionekana mara mbili akitikisa kichwa kukubali, ingawa baadaye alisema alikuwa akifukuza nzi.

Jioni ile wajuzi wa benchi la kinyozi walipiga hesabu zao upya. Wakabishana sana, wakaitana wajinga, wakarudiana. Na mwisho kwa kauli moja wakakiondoa Chama cha Ngazi katika nafasi ya mwisho, wakakipandisha mpaka ya pili kutoka mwisho. Na iandikwe, basi, na wenye wino waandike na wasio na wino wasimulie, kwamba tangu kuasisiwa kwake chama kile hakikuwahi kupanda juu kiasi hicho, na kwamba mikono iliyokipandisha ilikuwa minne, na fulana moja ilikuwa ya waridi.

Lakini hayo yalikuwa ya jioni. Hotuba ilipokwisha pale mtaani, dada mtu alikiweka kipaza sauti, akaja kwenye ngazi, akashika upande mmoja na Misumari akashika wa pili, akainua uso na kusema, taratibu, kama asemavyo mtu na mtoto aliyepanda mti, "Njoo sasa, kaka. Mguu wa kulia. Tumekushika." Na mguu wa kulia, baada ya kufikiri, ukatoka.

Rudini nyuma, enyi watu, toeni na hizo ndoo: fundi anashuka.